Shangazi anataka kustaafu karibu na Mlima Kenya? Soma hii kabla ya kutuma pesa ya ploti

Tuseme umeamka ukakuta ujumbe kutoka Marekani: "Mwanangu, mimi na mzee wangu tumestaafu. Tumeona ploti Nanyuki, ukifungua mlango unaona mlima. Nakutumia depoziti, mpelekee broka leo kabla haijachukuliwa."

Ukisoma hivyo unafurahi. Shangazi anarudi nyumbani! Mume wake, ambaye ni Mmarekani, naye anakuja kuishi kwetu. Lakini pesa itapitia kwa simu yako, na ikipotea, ni wewe utakayeulizwa. Ndiyo maana leo tunaongea kuhusu mambo ya kujua kabla ya kubonyeza PIN.

Kwa nini kila mtu anataka Nanyuki?

Sababu zipo. Mji uko karibu kilomita 200 kutoka Nairobi, mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, na ikweta inapita hapo hapo. Asubuhi ni baridi, mchana jua. Lango la Sirimon la kupandia mlima haliko mbali, na ukielekea Nyeri unapata njia ya Naro Moru. Kilele cha Batian, chenye mita 5,199, ni cha wapandaji wa kamba, lakini Lenana, mita 4,985, hufikiwa kwa miguu. Asiyetaka kupanda ataendesha baiskeli, atavua samaki mtoni au atatembea tu msituni. Kwa mtu aliyefanya kazi ofisini miaka 30, hayo ni maisha.

Shida ni kwamba mandhari hayakuambii nani anaruhusiwa kumiliki nini.

Sheria inasemaje?

*Mume wa shangazi.* Katiba ya 2010, kifungu cha 65, inasema mtu asiye raia anaweza kushika ardhi kwa lizi pekee, isiyozidi miaka 99. Hawezi kupata umiliki wa kudumu. Kuoa Mkenya hakubadilishi hilo mara moja, kwa sababu anaweza kuomba uraia baada ya ndoa kudumu angalau miaka 7.

*Shamba.* Ploti nyingi za nje ya mji zilikatwa kutoka kwa mashamba. Ardhi ya kilimo ikiuzwa, lazima bodi ya kudhibiti ardhi itoe kibali, na kibali hicho kiombwe ndani ya miezi 6 tangu makubaliano. Bodi haitoi kibali kwa mnunuzi asiye raia, labda Rais atoe msamaha rasmi. Kwa hivyo broka akikuambia "tutaweka majina yao wote wawili, hakuna shida," muulize hiyo ardhi ni ya aina gani.

*Shangazi mwenyewe.* Hapa wengi hujikwaa. Kama alizaliwa Mkenya na akachukua uraia wa Marekani baada ya Katiba mpya kuanza tarehe 27 Agosti 2010, bado ni Mkenya. Kama aliuchukua kabla ya hapo, huenda aliupoteza wa kwetu. Habari njema ni kwamba ana haki ya kuomba urudishwe. Afanye hivyo kwanza, ploti baadaye.

*Kuishi hapa.* Mgeni mstaafu anaweza kuomba kibali cha Daraja K. Awe na angalau miaka 35, awe na mapato ya uhakika ya angalau dola 24,000 kwa mwaka, na asifanye kazi ya kulipwa hapa.

"Si tuandike tu jina lako?"

Utaambiwa hivi, na utaona ni heshima. Tunakuomba usikubali haraka. Hati ikiwa na jina lako, serikali inajua ardhi ni yako. Ukifariki, watoto wako wataidai. Mkikosana, shangazi atabaki na picha za WhatsApp tu. Na wewe utaitwa mwizi na familia hata kama hukuchukua shilingi. Wakili awaandikie njia halali inayomlinda kila mmoja.

Sasa pesa yenyewe

1. Fanya sachi kwanza. Omba nambari ya ploti, kisha fanya upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi au mtandaoni. Jina la mwenye hati lifanane na kitambulisho cha anayeuza. Angalia kama kuna mkopo au zuio mahakamani.

2. Nenda ploti kwa miguu. Uliza majirani maji yanatoka wapi, barabara ikoje wakati wa mvua, na kama ndovu hupita hapo. Mzee wa miaka 70 hatataka kubebewa maji kila siku.

3. Ada za serikali zilipwe kwa serikali. Paybill ya eCitizen ni 222222. Mtu akikutumia nambari yake binafsi "alipe kwa niaba yako", kataa. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani, na kabla ya kuhamisha hati mnunuzi anahitaji PIN ya KRA.

4. Bei ya ploti ipitie kwa wakili. Kikomo cha simu ni Sh250,000 kwa muamala mmoja na Sh500,000 kwa siku. Ukiambiwa ugawe bei ya ploti vipande vipande kwa nambari nne tofauti, hiyo ni dalili mbaya. Pesa kubwa iende benki, kwenye akaunti ya wateja ya wakili, baada ya mkataba kusainiwa.

5. Soma jina kabla ya PIN. Kisha weka kila ujumbe wa malipo na umtumie shangazi taarifa ya akaunti siku hiyo hiyo.

Jambo la mwisho, na tunalisema kwa sababu tunaulizwa sana: kurudishiwa muamala hukusaidia ukikosea nambari. Ukimtumia mtu uliyemkusudia, naye akawa tapeli, pesa huwa imetolewa kabla hujapiga simu. Hapo ni polisi.

Kwa hivyo mjibu shangazi hivi: "Karibu nyumbani. Nipe nambari ya ploti nifanye sachi, na wewe uangalie uraia wako. Depoziti ingoje." Broka atasema kuna mnunuzi mwingine njiani. Mwache aje. Mlima hauendi popote.

Je, umewahi kutumiwa pesa ya ploti na mtu wa familia aliye ng'ambo? Mtumie makala haya kabla hajatuma nyingine.