Mpini wa Patasi Katika Nchi ya Kiangazi Kirefu

Singida hupata msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza mwishoni mwa mwaka na kukoma karibu na Aprili. Baada ya hapo ni jua, vumbi na upepo mkavu wa kanda ya kati. Mkulima wa alizeti anaijua ratiba hiyo, na fundi seremala naye hana budi kuijua, kwa sababu mpini wa patasi uliochongwa Machi kwa mti mbichi huanza kucheza ifikapo Julai. Pete inalegea, patasi inazunguka kiganjani, na tundu la kitasa lililotakiwa kuwa na kingo safi linachanika.

Sababu yake iko ndani ya mti wenyewe. Unyevu ukishuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu, mti huanza kusinyaa. Kwa urefu haupungui kitu cha kuonekana. Unapungua unene, tena bila usawa: kufuata duara za ukuaji husinyaa karibu mara mbili kuliko kuelekea kwenye kiini. Ndiyo maana mpini uliokerezwa ukiwa mbichi huacha mviringo wake na kuwa na umbo la yai. Dawa ni kupasua vipande mapema, kuvipaka nta ya nyuki kwenye ncha zote mbili, ambako maji hutoka haraka mno na kuleta nyufa, kisha kuviacha kivulini hadi kiangazi kimalize kazi yake. Na vipasuliwe kwa shoka, si kwa msumeno, maana shoka hufuata nyuzi za mti na kuziacha nzima kutoka ncha hadi ncha.

Mti gani basi? Hapa mkoa haukunyimwa. Mninga, unaoota katika miombo ya Manyoni na Itigi, husinyaa kidogo na haupindi ovyo. Unafaa sana kwa patasi ya kusukuma kwa mkono. Ukigongwa nyundo ya chuma siku nzima, kichwa chake huchanua. Kwa kazi ya kugonga, mkwaju ni bora zaidi. Moyo wake mzito ndio unaotengenezewa vinu, michi na nyundo za mti. Mpingo ni mgumu kupita yote. Huzama majini, na viwanda vya Ulaya huutumia kutengenezea klarineti, lakini hukauka polepole, hupasuka kwa urahisi, na vumbi lake huwasha ngozi za wengine. Kule Mkalama, Wahadzabe wamekuwa wakichonga pinde zao kwa miti ya jamii ya mkole. Nyuzi zinazostahimili kupindwa kwa upinde hustahimili pia mshindo wa nyundo.

Hakuna haja ya kuangusha mti. Mninga na mpingo haivunwi bila kibali cha mamlaka za misitu, na mpini mmoja hauhitaji zaidi ya kipande cha sentimita 14 chenye unene wa sentimita 4. Vipande vya namna hiyo hubaki kila mlango unapotengenezwa, na vingi huishia jikoni kwa mama lishe. Inauma kuona mninga uliokauka miaka mingi ukichemsha maharage.

Kuingiza mkia wa patasi ndiko kunakoharibu kazi nyingi. Wapo wanaoupasha mkia moto hadi uwe mwekundu, kisha wakauunguzia ndani ya mpini. Tundu hukaa sawa kabisa, ila joto hutambaa hadi kwenye makali. Likifika nyuzi joto 200 au zaidi kidogo, chuma huanza kupoteza ugumu wake, na patasi hiyo itanolewa kila saa. Njia salama ni kuunguza kwa kipande cha nondo kilichofuliwa kwa umbo la mkia, patasi ikiwa pembeni, baridi. Pete hukatwa kutoka bomba la chuma au shaba, nayo huvishwa kwanza ili mti usipasuke mkia unapogongwa. Mwezi mzuri wa kazi hii ni Oktoba, mti ukiwa mkavu kuliko wakati wowote. Mvua zikija huvimba kidogo na kuubana mkia.

Umbo ni la mwenye mkono. Pembe nane huizuia patasi isibingirike kutoka mezani, na humwonyesha fundi upande wa makali bila kutazama. Asiye na mashine ya kukereza huchonga kwa tezo na randa, akamalizia kwa kigae cha kioo na msasa.

Kuhusu kupaka, vernishi ya dukani huleta utelezi na malengelenge. Mafuta ya kitani hukauka vizuri, ila alizeti imejaa Singida, na mafuta yake nayo hukauka, japo polepole. Yapakwe membamba sana, yafutwe kwa kitambaa, mpini uachwe mahali penye hewa kwa siku kadhaa, kisha yarudiwe. Yakipakwa mazito hubaki yananata kwa wiki nyingi. Mwisho ni nta ya Manyoni au Itigi, iyeyushwe ndani ya maji ya moto, kwani nyuzi joto 65 zinaitosha, na isuguliwe mpaka mpini uache kuteleza kwenye kiganja chenye jasho.