Asiransi haiko karatasi ya kuonyesha polisi tu

Wandugu, nilipopata permi, nilichukua asiransi ya bei ya chini kabisa, juu ya kuogopa polisi wa barabarani tu. Wiki ya pili, nikarudisha gari nyuma, nikagonga motari. Yeye alilipiwa matibabu na pikipiki. Gari yangu? Nilitengeneza na mfuko wangu. Hapo njo nikaelewa: asiransi ya lazima inalipa hasara unayomletea mwingine, si yako. Ukitaka gari yako nayo ilindwe, uongeze ulinzi mwingine, na bei inapanda.

Sheria ya 2015 ilifungua soko, SONAS haiko peke yake tena: linganisheni bei. Na musifiche kama permi ni ya juzi. Ukidanganya, siku ya ajali wanaweza kukataa kukulipa.