Kelele za magari zikipungua, wakazi hupata usingizi na afya

KIJIJI kilicho mbali na barabara kuu huamshwa na jogoo; mji uliojengwa kandokando yake huamshwa na honi. Tofauti hiyo humdhihirikia msafiri atokaye Gitting, kata iliyo chini ya Mlima Hanang mkoani Manyara, na kuingia Katesh, makao makuu ya wilaya ya Hanang, inakopita barabara ya lami ya Singida hadi Babati.

Oktoba 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi ya abiria kusafiri saa 24, baada ya zuio lililodumu zaidi ya miaka 20. Wasafiri walinufaika, lakini kwa miji iliyo kando ya barabara kuu nchini, mabasi sasa yanaweza kuungana na malori usiku wa manane.

Madhara yake si kero tu. Mtu alalapo, sikio halilali: mlio wa lori huongeza mapigo ya moyo na homoni za mfadhaiko hata kama hakuamka. Hali hiyo ikidumu miaka mingi, hatari ya maradhi ya moyo huongezeka. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa kelele za magari huipotezea Ulaya Magharibi miaka isiyopungua milioni moja ya maisha yenye afya kila mwaka. Mwaka 2018 lilipendekeza, kwa nchi za Ulaya, kelele za barabarani zisizidi wastani wa desibeli 45 usiku.

Je, nafuu hupatikanaje? Kupunguza magari kwa nusu hushusha kelele kwa desibeli tatu tu, kiasi ambacho sikio hukitambua kwa shida. Zikishuka desibeli 10, msikilizaji huona kelele zimepungua nusu. Kwa hiyo hatua moja haitoshi. Hatua kadhaa ndogo zikijumlishwa ndipo mkazi hupumua.

Ya kwanza ni mwendo. Gari dogo likizidi takriban kilometa 50 kwa saa, ambao ndio ukomo maeneo ya makazi nchini, mlio wa matairi huzidi ule wa injini. Matuta hupunguza mwendo na kuokoa maisha, ila lori tupu likiyapita hugongagonga. Hivyo hayafai kuwekwa dirishani pa watu.

Ya pili ni umbali. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilitenga meta 30 kila upande wa barabara kuu. Nyumba ikisogezwa kutoka meta 15 hadi 30, hupata nafuu ya desibeli zipatazo tatu. Ukuta unaoziba barabara isionekane huongeza tano hivi, ilhali mstari mmoja wa miti hausaidii sana.

Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004. Kwa miji inayokua kama Katesh, ni nafuu kuzizingatia kabla viwanja havijapimwa kuliko kuvunja nyumba baadaye.