'Trabajaba': Kitenzi cha Kihispania cha kubeba kwenye mahojiano ya kazi

Ukienda kutafuta kazi hotelini au ya kupokea simu za wateja wa Uhispania na Mexico, swali halikosi: ulikuwa ukifanya kazi wapi? Wengi hukimbilia "trabajé". Si vibaya, ila inategemea unataka kusema nini.

"Trabajé tres años en Diani" ni nilifanya kazi Diani miaka mitatu, ikaisha, hesabu imefungwa. "Trabajaba en Diani" ni nilikuwa nikifanya kazi Diani. Hapo anayekusikiliza anangoja: enhe, halafu? Basi mpe: "Trabajaba en Diani cuando aprendí español." Nilikuwa nikifanya kazi Diani nilipojifunza Kihispania.

Usipitie Kiingereza kulielewa hili, kitakuchanganya bure; "worked" yao inabeba maana zote mbili. Wewe una "nilifanya" na "nilikuwa nikifanya" tangu utotoni. Tumia hizo.

Kuunda chenyewe ni rahisi. Toa -ar kwa trabajar, bandika mkia: yo trabajaba, tú trabajabas, él au ella trabajaba, nosotros trabajábamos, vosotros trabajabais, ellos trabajaban. Hiyo j itamke kama kh ya "sheikh". Hilo umbo la vosotros ni la Uhispania. Amerika ya Kusini hawana shughuli nalo, husema ustedes trabajaban.

Umeona mtego lakini? Mimi na yeye tuna mkia mmoja. Kiswahili kinatutenganisha mapema kwa ni- na a-, Kihispania hapa hakijali. Sema, "Vivía con mi hermano. Trabajaba de noche." Niliishi na kaka yangu, sawa, lakini nani alikuwa akikesha kazini, wewe au yeye? Bosi anaweza kumpa kaka yako sifa zako zote. Weka "yo" mbele: "Yo trabajaba de noche." Kwingine walimu watakwambia uiache hiyo yo. Hapa ing'ang'anie.

Hiyo vivía imetoka kwa vivir. Vitenzi vya -er na -ir huchukua -ía, na alama juu ya i haitoki: comía, comías, comía, comíamos, comíais, comían. Vikaidi ni vitatu tu katika lugha nzima, ser, ir na ver. Era, iba, veía. Hivyo kariri tu, buda.