Mkuki, shanga na kijana aliyerudi nyumbani

MANGATEEN, mtaa wa Juba wenye kambi ya watu waliofurushwa makwao na vita vilivyoanza Desemba 2013, una vijana wengi wa umri wa shujaa wa hadithi za ajabu: ametoka nyumbani, lakini bado hajahesabiwa kuwa mtu mzima.

Kisa kinachowahusu zaidi si cha ng'ambo. Ni cha ndugu wawili, Gipir na Labongo, kinachosimuliwa kwa sura mbalimbali na Waluo na majirani zao wa Nile.

Ndovu alivamia shamba. Gipir akanyakua mkuki uliokuwa karibu, kumbe ni wa Labongo, akamchoma. Ndovu akatoroka nao. Gipir akatoa mkuki mwingine kama fidia, nduguye akakataa. Alitaka ule ule.

Basi kijana akafunga safari hadi nchi ya ndovu. Huko bibi kizee akamhifadhi, akampa mkuki pamoja na shanga za thamani. Hadithi nyingi za aina hii humalizikia hapa: mvulana amekuwa mwanamume, ngoma zichezwe.

Hii haiishi hapo. Siku moja mtoto wa Labongo alimeza shanga moja. Gipir, ambaye angeweza kungoja siku mbili tatu tu, akadai shanga yake ile ile. Mtoto akapasuliwa tumbo. (Aliyeshika kisu ni nani? Wasimulizi hutofautiana, na sidhani inapunguza lawama.)

Mwandishi Mmarekani Ursula K. Le Guin, katika A Wizard of Earthsea ya 1968, alimpa mvulana Ged mtihani unaokaribia huo. Kwa majivuno yake Ged alifungulia kivuli kilichomwandama, akapona pale tu alipokiita kwa jina lake mwenyewe. Gipir hakufika huko. Alirudi na kinyongo alichoondoka nacho.

Kwa aliyerejea kutoka Kakuma au Adjumani akamkuta mwingine akilima shamba la babake, sehemu ngumu ya kisa ni ya nyumbani, si ya msituni. Shanga ilikuwa ya Gipir kwa haki kabisa. Hapo ndipo penye utata.

Ndugu hao walitengana Pubungu, karibu na Pakwach, wakaacha shoka kuwa alama. Watu wa Gipir walishika magharibi ya Nile, kwa Waalur. Wa Labongo mashariki, kwa Waacholi. Mfanyabiashara anayetoka Arua kwenda Karuma huvuka mto hapo hapo Pakwach, darajani, kwa dakika chache.