Nani Achuje Maoni ya Wananchi?

Tuseme mwekezaji anataka kujenga jumba la ghorofa kumi na mbili Ganjoni. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka autangazie umma na kuwaalika wenye pingamizi. Kaunti ya Mombasa inafungua ukurasa wa kupokea maoni mtandaoni, na baada ya wiki moja yameingia mia nne. Mia tatu yanafanana neno kwa neno. Mengine ni matusi matupu kwa mwakilishi wa wodi. Kuna aliyeanika nambari ya simu na ya kitambulisho cha jirani yake. Katikati ya rundo hilo, mpangaji mmoja ameandika kwamba chemba ya maji taka mlangoni pake hufurika kila masika, na jengo lenyewe bado halijaanza.

Hayo ya chemba ndiyo anayoyahitaji zaidi afisa wa mipango, na ndiyo yaliyo rahisi kupotea.

Katiba ya Kenya ya 2010 imeuweka ushiriki wa umma miongoni mwa maadili ya taifa katika kifungu cha 10, kisha ikalibana Bunge kwa kifungu cha 118 na mabunge ya kaunti kwa kifungu cha 196. Vifungu hivyo havisemi maoni ya mtandaoni yachujwe vipi, wala na nani.

Hatari ziko pande zote mbili. Mwaka 2025 mtaalamu mmoja wa programu alikamatwa Nairobi kwa kutengeneza ukurasa uliowawezesha wananchi kulitumia Bunge pingamizi zao dhidi ya Mswada wa Fedha kwa kubofya mara moja. Alishtakiwa kwa kuingilia mfumo wa kompyuta. Mwezi Juni mahakama iliyatupa mashtaka, ikisema hayakuonyesha kosa lolote. Barua zilifanana, lakini aliyebofya alikuwa mwananchi mwenye haki ya kusema.

Marekani mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 2017 tume ya mawasiliano ilipokea maoni takriban milioni 22 kuhusu kanuni za intaneti. Uchunguzi wa Mwanasheria Mkuu wa New York, uliotolewa 2021, ulibaini kwamba karibu milioni 18 yalikuwa bandia, milioni 7.7 kati ya hayo yalitoka kwa mwanafunzi mmoja wa miaka 19.

Basi swali la mchujaji lisiwe kama maneno yanafanana, bali kama nyuma yake kuna mtu.

Kazi hiyo haimfai mwekezaji, na kaunti nayo haifai kuifanya peke yake, kwa kuwa ndiyo itakayotoa kibali. Inalifaa jopo la wakazi: wenye nyumba, wapangaji, wenye maduka na vijana, wanaobadilishwa kwa zamu. Maoni yanayofanana wayaweke fungu moja na kuonyesha idadi, wasiyafute. Tusi lifichwe, hoja iliyoambatana nalo ibaki. Nambari za watu zizibwe, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa hizo. Asiyekubaliana na uamuzi wao awe na pa kukata rufaa.

Mtambo nao husaidia. Taiwan ilipojadili teksi za Uber mwaka 2015 ilitumia programu ya Polis, ambayo haina nafasi ya kumjibu mtu. Unakubali kauli, unaikataa au unaipita. Mabishano hukosa pa kushika, na zile kauli zinazokubaliwa na kambi zote hujitokeza.

Lakini la kudai kwanza ni daftari lililo wazi, linaloonyesha kilichofichwa, sababu yake na aliyeamua. Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya Sheria ya Fedha ya 2023, ilisema Bunge halilazimiki kueleza kwa maandishi kwa nini limekubali au kukataa maoni ya umma. Ikiwa wakubwa hawabanwi kutoa sababu, wakazi wasipoweka kumbukumbu zao wenyewe hawatakuwa na ushahidi kwamba waliwahi kusema.