Je, Wajua? Kichwa kinachouma ukikaa na kutulia ukilala

Mama aliyejifungua kwa upasuaji, akachomwa sindano ya ganzi mgongoni, huenda kesho yake akaketi kumnyonyesha mtoto kichwa kikamgonga vibaya, akijilaza, kinatulia. Tundu la sindano huvujisha maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Daktari August Bier wa Kiel, Ujerumani, aliyaonja maumivu hayo mwenyewe mwaka 1898: alijitoa achomwe kwa majaribio, kichwa kikamtesa siku tisa. Leo sindano nyembamba yenye ncha kama ya penseli imepunguza sana adha hiyo. Wengi hupona ndani ya wiki mbili. Ila mama akipata homa, shingo kukakamaa au degedege, arudi hospitali siku hiyo hiyo.